Riwaya za Kuchekesha na Mchapishaji Mdogo

Swali: Riwaya zangu za kuchekesha zimekataliwa na wachapishaji wakubwa. Je, kampuni ndogo inaweza kunifaa? (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

Jibu: Inafaa sana, ndugu msomaji. Nchini Marekani, mwaka 1973, Barbara Grier na wenzake watatu walianzisha Naiad Press, iliyochapisha riwaya za wanawake wapendanao kwa miaka 30, wakianza na orodha ya anwani za wasomaji wa jarida lililokuwa limefungwa. Yaani wasomaji walijulikana kabla ya kitabu, jambo ninalolithamini kuliko mtaji. Nawe tafuta mhariri mwenye subira ya kupunguza maelezo yanayoua kichekesho: kwa mfano, mama anayelalamikia bei ya viazi sokoni huku akijiongezea viwili kikapuni huchekesha kwa kitendo chenyewe, na maelezo yanayofuata hayana budi kufutwa.