Nyanya Zinaoza Kabla ya Kuuzwa

SWALI: Nachukua nyanya Marikiti alfajiri na kuuza kwenye kibanda changu. Kufikia siku ya tatu nyingi zimelainika na kutoa maji. Friji siiwezi, stima ni ghali. Nifanyeje?
*Mama mboga, Githurai*

JIBU: Friji isikuumize kichwa. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, haiivi vizuri tena. Hufanya madoa na kupoteza ladha.

Hasara yako huanzia njiani. Kreti kubwa ya mbao kutoka Mwea au Loitokitok hubeba zaidi ya kilo 60, na nyanya za chini hubeba mzigo wote. Mbao zisizopigwa randa huchubua ngozi, na ukungu huingilia hapo. Mkiungana mama mboga wanne watano, mnaweza kumshurutisha broka apakie kwenye kreti za plastiki za kilo 20 hivi. Tunalitilia mkazo hili kuliko mengine yote, kwa sababu nyanya iliyopondeka haiponi.

Kibandani, chambua siku hiyohiyo. Zilizopasuka ziuze mapema kwa bei ya kutupa. Ng'oa vikonyo, maana hutoboa nyanya za jirani. Usioshe akiba. Zilizoiva zikae mbali na mabichi, na zote mbali na ndizi na maparachichi yanayoiva: hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha kuiva.

Kwa akiba, jenga sanduku la matofali kivulini, mahali penye upepo. Weka sakafu ya matofali, kisha kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zikiachana inchi 3. Jaza mchanga safi wa mto katika nafasi hiyo. Mwagia maji mchanga na matofali asubuhi na jioni, funika kwa gunia bichi, nyanya zikae ndani kwenye kreti. Maji yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo maana sanduku lililofungiwa kwenye chumba kisicho na hewa halipoi, na wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupoa kidogo sana. Usifunike kwa karatasi ya nailoni. Umande utadondokea nyanya na kuziozesha. Sukuma na dania hufaidika zaidi na sanduku hili, kwani hunyauka upesi kwa kukosa unyevu.

SWALI: Zilizooza naweza kuwapa kuku?
*Msomaji, Kayole*

JIBU: Zilizolainika tu, sawa. Zenye ukungu, hapana, kwa kuwa baadhi ya kuvu huwa na sumu. Hizo fanyia mboji: ndoo moja ya taka mbichi kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu au maranda. Geuza kila wiki. Ikinuka, maji yamezidi na hewa haipiti. Ongeza makavu, kisha igeuze tena.