Sofa, Diani na Pensheni ya Mwalimu

SWALI: Mshauri, nakusalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mkazi wa Nakuru, na ninafanya kazi katika maabara ya hospitali ya kibinafsi, ambako mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 65,000. Mume wangu ana miaka 51 na ni mwalimu wa shule ya upili aliyeajiriwa na serikali tangu alipokuwa na miaka 24. Watoto wetu wawili wamekwisha kujitegemea na wa mwisho bado anasoma.

Ugomvi wetu ni mmoja. Kila ninapotaja kitu cha kupendeza, mume wangu hufungua daftari lake la hesabu na kuniambia kwamba uzee unabisha hodi. Sofa zetu tulizinunua mwaka tulipooana. Sponji ya kiti kirefu imelala kiasi kwamba ameweka kipande cha plaiwudi chini ya mto, na mgeni akija mimi humwelekeza akae upande wa dirishani. Mwakani tunatimiza miaka 25 ya ndoa, nami natamani mambo mawili tu: sofa za ngozi ambazo fundi mmoja wa hapa anauza shilingi 140,000, na juma moja Diani, sisi wawili. Amekataa yote mawili, ilhali juzi amechukua mkopo wa sacco kununua ploti ya tatu huko Njoro, na hizo mbili za kwanza zimeota magugu. Rafiki zangu wananishauri nichukue mkopo wangu mwenyewe ninunue sofa. Je, ni mimi ninayependa anasa, au ni yeye anayeogopa kupita kiasi?

Mama wa Plaiwudi, Nakuru

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilifuata tarakimu peke yake, nikagundua kwamba katika nyumba yenu mnamhofia mtu ambaye uzee wake umekwisha kutandikwa kitanda, na mmemsahau yule ambaye wake haujatandikwa. Aliyesahauliwa ni wewe.

Tuanze na mwalimu. Mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma, ule ambao mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wake na serikali asilimia 15, ulianza Januari 2021, na waliokuwa wamefikisha miaka 45 hawakulazimishwa kuingia. Ikiwa mumeo alibaki katika mpango wa zamani, pensheni yake hukokotolewa kwa kuzidisha mshahara wa msingi wa mwaka kwa idadi ya miezi aliyotumika, kisha kugawanya kwa 480. Hukuutaja mshahara wake, kwa hiyo nichukulie kwamba wa msingi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Akistaafu akiwa na miaka 60 bila kukatiza utumishi, atakuwa amefundisha miezi 432, na hesabu hiyo huleta shilingi 648,000 kwa mwaka. Wengi huchagua kuchukua robo kwa mkupuo, na robo hiyo, ambayo kwake ni 162,000, huzidishwa mara 20 ikawa shilingi 3,240,000, huku robo tatu zilizobaki zikimpa takriban shilingi 40,500 kila mwezi maishani mwake. Mwambie afungue daftari aikague hesabu hii kwa mshahara wake halisi. Yeye ni mwalimu, atafurahia kunisahihisha. Hofu yake ina msingi katika jambo moja, nalo ni kwamba malipo ya kwanza ya mstaafu huweza kukawia kwa miezi mingi, na kwa sababu hiyo ni busara astaafu akiwa na akiba ya matumizi ya mwaka mzima katika akaunti anayoweza kuifikia.

Sasa tuje kwako. Sheria ya mwaka 2013 iliyoongeza michango ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, ilikwama mahakamani kwa muda mrefu, na hadi Februari 2023 wewe ulikuwa ukikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi, na mwajiri akiongeza 200 nyingine. Hata kama umefanya kazi miaka 20 chini ya utaratibu huo, jumla yake ni shilingi 96,000 kabla ya riba, ambayo haifikii hata bei ya sofa unazozitamani. Tangu hapo michango imekuwa ikipanda kwa awamu, na kwa mshahara wako sasa unakatwa asilimia 6, yaani shilingi 3,900, na mwajiri anaweka kiasi hicho hicho. Ni afadhali, lakini imekuja ukiwa umevuka miaka 40. Uliza katika ofisi ya wafanyakazi kama hospitali yenu ina mpango wake wa pensheni juu ya NSSF, kwani nimekutana na watu waliokaa kazini miaka kumi pasipo kujaza fomu ya mpango uliokuwapo.

Kama haupo, jiunge wewe mwenyewe na mpango wa mtu binafsi uliosajiliwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, na uagize benki ihamishe shilingi 5,000 siku mshahara unapoingia, kabla hujaugusa. Tangu mwisho wa Desemba 2024, michango ya pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, pamoja na ile ya NSSF, haitozwi kodi ya mapato, na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa asilimia 30, hiyo 5,000 itakupunguzia mfukoni shilingi 3,500 tu iwapo mwajiri ataihesabu katika makato yako ya kila mwezi. Ukiendelea hadi miaka 60, na tukikadiria faida ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo hakuna anayeweza kukuahidi, utakuwa umeweka shilingi 840,000 na kukuta takriban milioni 1.54. Bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda, kwa hiyo mshahara ukiongezwa, ongeza mchango.

Hapo ndipo ninapokataa ushauri wa rafiki zako. Mkopo wa sacco wa shilingi 140,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio, ukilipwa kwa miezi 24, utakugharimu karibu shilingi 6,600 kila mwezi na kukurudisha nyuma zaidi ya shilingi 18,000 juu ya bei. Shilingi 6,600 ndiyo hasa nafasi ambayo pensheni yako ingekaa. Isitoshe, utakuwa umewaomba wenzako wakudhamini kwa ajili ya kitu cha kukalia, na ukikwama ni akiba yao itakayoshikwa.

Hata hivyo sijasema usinunue chochote, na hapa naomba mwalimu asisome juujuu. Ploti ya tatu isiyolimwa wala kujengwa, iliyonunuliwa kwa mkopo, nayo ni anasa, ila imevaa nguo za kazi. Haileti shilingi hata moja kwa mwezi, kaunti inaidai ada kila mwaka, na siku mtu anapohitaji dawa ya shinikizo la damu, ploti haikatwi kipande ikapelekwa duka la dawa. Ardhi hupanda thamani katika maeneo mengi ya Nakuru, hasa tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini thamani hiyo huwa yenu siku mnunuzi anapotokea, na mzee mwenye haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Nisingemwambia auze zote. Ningemwambia auze moja kati ya zile mbili za magugu, amalize mkopo wa sacco, na zilizobaki azifanyie kazi, hata kama ni kumkodishia mkulima wa viazi. Pia, kwa upole, ulizia kama jina lako limo katika hati za ploti hizo.

Kuhusu sofa, nina shaka na hizo za ngozi. Sofa za miaka 25 iliyopita mara nyingi zilikuwa na fremu ya mbao ngumu ambayo siku hizi huipati kwa urahisi katika viti vipya vinavyong'aa. Mwite fundi aje nyumbani, aondoe hiyo plaiwudi, agonge fremu kwa kidole na kukagua mikanda ya chini. Fremu ikiwa nzima, sponji nzito na kitambaa kipya vitakugharimu sehemu ndogo ya 140,000, nawe utakalia kiti kilichokulelea watoto.

Pesa utakazookoa hapo zipeleke Diani. Juma la Diani halitaongezeka thamani likisubiri, na nyinyi hamtapata tena mwaka wa 25. Mume wako leo ana magoti ya kutembea mchangani kutoka hoteli hadi mwamba wa mbali, na sijui magoti hayo yatakuwaje miaka tisa ijayo. Fungua akaunti ya pili, iite jina la safari, na uweke humo kiasi kidogo kila mwezi kuanzia sasa. Pesa zikipungua mkiwa njiani, msikope kwa simu. Likizo ya Aprili inamfaa mwalimu, na Pasaka ikishapita mvua za masika hufanya hoteli nyingi za Pwani zishushe bei. Panda matatu hadi Nairobi, kisha treni hadi Mombasa, na kivuko cha Likoni, cha kuelekea Diani, hakitozi abiria wa miguu.

Ukiketi naye, usianze na neno Diani. Anza na ukurasa wa pensheni yako, maana mwanamume anayeogopa uzee husikia haraka anapoonyeshwa kwamba uzee wa mkewe ndio uliokuwa nje ya daftari. Ukurasa wa pili ndio wa safari.

SWALI: Mimi nauza omena na ngege ufuoni Dunga, Kisumu. Nina miaka 35. Katika chama chetu kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na Desemba tunashona sare na kufanya sherehe kubwa, kisha tunagawana kinachobaki. Dada yangu ananiambia nitoke nijiwekee akiba ya uzeeni. Nitoke?

Nyar Dunga, Kisumu

JIBU: Usitoke. Wanawake wa chama ndio watakaokuja kwako ukiugua. Lakini waombe chama kiamue mapema ni kiasi gani cha sherehe na kiasi gani cha kugawana, kwa sababu sherehe isiyo na kikomo hukua kila mwaka.

Adui yako wa karibu si uzee, ni Aprili. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na anayefika huko bila akiba hukopa kwa riba itakayokula faida ya Agosti na Septemba. Weka kwanza fungu la miezi hiyo minne. Kisha, katika miezi minane ya uvuvi tu, tenga shilingi 50 kila siku unayouza. Ukiuza siku 26 kwa mwezi, utafikisha shilingi 10,400 kwa mwaka, na NSSF hupokea michango ya waliojiajiri kama wewe. Mpango wa pensheni wa Mbao wa mwaka 2011 ulipewa jina la shilingi 20 kwa siku, ambazo mtaani huitwa mbao, kwa sababu hiyohiyo: mfanyabiashara mdogo hana mshahara wa kukatwa, ana siku.

Zungumza na mweka hazina wenu mwezi huu, kabla hamjaagiza kitenge, kwa maana sare zikishakatwa na fundi hazirudishwi dukani.