Usifungulie gesi kabla hujaijua waya yako

Kama ndo unaanza kupima umeme unavyopita kwenye waya za atomi moja nakuomba kitu kimoja tu, usifungulie gesi unayotaka kuijaribu kwenye waya mpaka uwe umeijua waya ikiwa safi. Mi nililiruka hilo na wiki tatu zikaenda bure.

Kazi yenyewe iko hivi: kawaya ka platinamu unakachanja katikati kwa kisu, unakabandika kwa gundi juu ya kibati, unapoza kwa heliamu ya kimiminika hadi kama 4.2 Kelvin, afu unakunja kibati taratibu mpaka waya ikatike. Unakunjua zile ncha zigusane, unarudia tena, maelfu ya mara. Kwenye skrini umeme unashuka ngazi kwa ngazi, na ngazi ya mwisho kabla ya kukatika ndo atomi moja. Kipimo cha upitishaji wa umeme hapa ni kwantamu: dhahabu husimama kwenye kwantamu 1, yani ukinzani wa kama kilo-omu 12.9, platinamu safi iko karibu na 1.5.

Sasa yangu ikawa inasimama kwenye 1, na gesi sijafungulia, nikaamini kabisa nimepata kitu kipya. Msimamizi wangu akauliza tu, bomba la gesi ulilipasha moto lini? Sikuwa nimelipasha. Chuma huwa kinavuja haidrojeni kidogokidogo ndani ya vakyumu (chumba kilichonyonywa hewa), na kwenye baridi ile, gesi zingine zinaganda ukutani haraka ila haidrojeni inasumbua mpaka mwisho, molekyuli moja ikijipenyeza katikati ya atomi mbili za platinamu umeme unapitia humohumo na ngazi inasimama kwenye 1. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walishalionyesha hili 2002, wakathibitisha kwa kuweka deteriamu, yani haidrojeni iliyo nzito mara mbili, na mtetemo wa molekyuli ukapungua kasi.

Kwa hiyo pasha bomba siku nzima haidrojeni itoke, vuta na kukata waya safi mara elfu kadhaa huku ukipima, ndo ufungulie gesi kidogo sana. Ukiwa na wasiwasi pandisha volteji, joto linaifukuza haidrojeni na ile 1.5 inarudi.

Oksijeni nayo ina mambo yake, kwenye fedha inaingia katikati ya atomi na mnyororo unavutika mrefu kuliko wa fedha tupu, mi naipenda sana hiyo!

Na histogramu ya platinamu safi, yani mchoro wa ngazi zipi zinajitokeza mara nyingi, iprinti, ibandike ukutani juu ya mashine, kila asubuhi linganisha kabla hujagusa vali.