Umeuliza waliabudu nini, mimi nauliza nani hakupewa nyama

Mwanangu, picha nimeziona zote. Ile ya makumbusho ya Ankara, fahali mwekundu mkubwa na vijitu vidogovidogo vinamzunguka, na zile za Çatalhöyük, kijiji cha kale kule karibu na Konya, Uturuki, pembe zimejengewa kwenye udongo wa baraza za ndani ya nyumba. Unauliza kama hao wakulima, walioanza kukaa pale kama mwaka 7100 KK, walikuwa wanaabudu ng'ombe.

Kuabudu sijui bwana. Huyo Mellaart unayemsema, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimba pale 1961 hadi 1965, aliona pembe akasema hapa ni patakatifu, halafu wataalamu wengine, kina Hodder, wakaja kuchimba kuanzia 1993 wakakuta vyumba vilevile vina tanuri na takataka za jikoni, ni nyumba za watu tu. Mimi nashika lile ulilosema juujuu, kwamba mboga yao ya kila siku ilikuwa kondoo na mbuzi, ila mifupa ya karamu ndio imejaa ng'ombe, tena wa mwitu, maana wa kufugwa walikuja baadaye. Fahali wa mwitu mabegani anafika karibu mita 1.8, friji hakuna, utamla na nani? Ndio yale nawaambiaga kila siku, ng'ombe haliwi na nyumba moja.

Na ndio maana ile ya babu yako hainitoki. Unaijua kesi yake na baba mkubwa kuhusu ng'ombe wa urithi, sirudii. Siku alipomchinja yule dume jeusi, dume lenyewe la kesi, mimi ndio nilipewa beseni nizungushe nyama kwa majirani, akaniambia pale kwa kaka yangu pita tu usisimame. Nikapita. Binti yao, mwenzangu wa kuchota maji, kasimama mlangoni anaangalia beseni, wala hakuniita. Halafu babu yako akazifunga pembe juu ya mlango wa zizi, upande wa njia ya kisimani, na kwa baba mkubwa walikuwa hawana njia nyingine ya kwenda kuchota maji.

Kwa hiyo mimi nikiona pembe ukutani sioni mungu, naona mtu anamwambia mwenzake ulikula kwangu, au hukula. Ng'ombe haliwi na nyumba moja lakini anayegawa ni mmoja, na hapo ndipo ukubwa unapoanzia.

Ila ngoja, hapo najipinga mwenyewe, maana umesema nyumba zao zilibanana hazina hata kichochoro, watu wanaingilia darini kwa ngazi, na pembe ziko ndani. Sasa jirani atazionaje kama hujamkaribisha ashuke? Na marehemu wao wamezikwa humohumo chini ya sakafu. Basi labda hawakuwa wanamringia mtu, walikuwa wanajikumbusha wao na wazee wao waliolala pale, siku ile tulikula wote. Hilo nalo lina maana, na hata wewe umesema nyumba zenye pembe nyingi na makaburi mengi hazikuonekana kuwa na mali kuzidi nyingine. Babu yako angekuwa wa hivyo angezitundika sebuleni. Au pengine nao walikuwa na wa kupitwa na beseni, mifupa haiwezi kusema hilo. Muulize mwalimu wako, nyumba isiyo na pembe hata moja ilikuwa inabanana ukuta kwa ukuta na yenye nazo?

Mjomba wako anasema zile pembe bado zipo, anataka kuziondoa ajenge banda la kuku, ananiuliza mimi. Sijamjibu. Babu yako alikuwa na haki yake kwenye lile dume, mahakama ya mwanzo ilisema hivyo, kwa hiyo hukumu sitoi mimi. Lakini haki ya dume sio ruhusa ya kumpita mtoto mlangoni na beseni limejaa, na hapo nimesema na nilikuwa sitaki kusema.