Watu wafupi wa Flores: je, asili yao ni Olduvai?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa sekondari ameniambia kwamba huko Indonesia walifukuliwa watu wa kale wenye kimo cha mita moja, na kwamba wahenga wao walitoka hapa kwetu Olduvai. Mimi niliwahi kusikia kuwa hao walikuwa watu wa kawaida wenye maradhi. Ukweli ni upi? (Msomaji, Karatu)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hilo la maradhi, kwa kuwa linajibika bila kusita. Mwaka 2003, katika pango la Liang Bua kisiwani Flores, wachimbaji wa Indonesia na Australia walifika kina cha mita sita hivi, wakakuta mifupa ya mwanamke mzima ambayo ilikuwa haijageuka jiwe. Ilikuwa imelowa na kulainika, hata ikabidi iachwe ikauke, kisha ishikizwe kwa gundi iliyochanganywa na dawa ya kufutia rangi ya kucha, ndipo ikainuliwa. Kimo cha mwanamke huyo kilikadiriwa kuwa sentimita 106, na ubongo wake ulikuwa takribani thuluthi ya wetu. Mwaka uliofuata akapewa jina la Homo floresiensis.

Profesa Teuku Jacob wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada alipinga, akisema huyu ni mtu kama sisi aliyezaliwa na kichwa kilichodumaa. Baadaye wengine wakataja upungufu wa madini joto. Hoja hizo zilistahili kusikilizwa, maana fuvu lilikuwa moja tu. Lakini pangoni humo lilipatikana taya la pili, nalo pia, sawa na lile la kwanza, halina kidevu, ambacho ni alama ya binadamu wa aina yetu. Kisha mwaka 2016 yakatangazwa mabaki ya Mata Menge, kilomita zipatazo 70 kutoka pangoni: kipande cha taya na meno sita, vyote vidogo mno, vyenye umri wa miaka 700,000 hivi. Wakati huo binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea duniani, basi angeuguaje?

Ubishi uliobaki ni wa nasaba, na hapo ndipo Olduvai inapoingia. Wapo wanaosema wahenga wa watu wa Flores walikuwa zamadamu wa karibu na Homo habilis, aliyepewa jina mwaka 1964 kutokana na mabaki ya Olduvai. Ushahidi wao mzito ni mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, ule unaokaa chini ya kidole cha shahada: kwetu sisi una umbo la kiatu cha buti, ilhali wa Liang Bua umechongoka kama kabari, sawa na wa sokwe. Tatizo ni kwamba hakuna mifupa ya Homo habilis iliyokubaliwa na wote nje ya Afrika, wala alama za safari hiyo ndefu.

Kundi la pili linasema ni Homo erectus, zamadamu mwingine, wa kisiwa cha Java aliyevuka bahari, akapungua kimo kwa sababu ya uhaba wa chakula kisiwani, kama walivyopungua Stegodon, jamaa wa tembo, wa kisiwa hichohicho. Waliouliza ubongo ungepunguaje kiasi hicho walijibiwa mwaka 2009 na mafuvu ya viboko wadogo wa kale wa Madagascar, ambao ubongo wao ulipungua kuliko ilivyotarajiwa. Meno ya Mata Menge nayo yanafanana zaidi na ya erectus wa Java. Mimi naelemea upande huu, ingawa ule mfupa wa mkono unanisumbua, kwa kuwa haujapatikana wa erectus wa Java wa kuulinganisha nao. Mwanao hakukosea kabisa, kwani wataalamu wengi wanaamini kwamba Homo erectus naye chimbuko lake ni Afrika. Ila kuitaja Olduvai yenyewe ni kuutangulia ushahidi.

SWALI: Je, watu hao wana undugu na Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri huku Kongo? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Hapana, na naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu limewahi kutumiwa kuwadhalilisha watu. Karibu na Liang Bua kipo kijiji cha Rampasasa ambacho wakazi wake wengi ni wafupi. Vinasaba vyao vilipochunguzwa, matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha dalili yoyote ya kurithi kutoka kwa Homo floresiensis; ufupi wao umetokana na vinasaba vya kawaida vya binadamu. Ikiwa hata hao wanaoishi jirani na pango hawana nasaba hiyo, Wambuti wataipata wapi? Wao ni Homo sapiens kama wewe na mimi: ubongo wao ni wa ukubwa wa kibinadamu, na kidevu wanacho.