Kuhama jimbo kukwepa sheria kali: anza na makaratasi

Unauliza kwa nini kuhama kutoka jimbo moja la Marekani hadi jingine, ukikwepa sheria kali, kunakwama ilhali nauli unayo. Nauli ndiyo sehemu nyepesi. Mwenye nyumba anataka uthibitisho wa mshahara, mwajiri anataka anwani ya huko. Unabaki unazunguka katikati. Tafuta kwanza barua ya ajira yenye tarehe ya kuanza na kiasi cha mshahara, wenye nyumba wengi huipokea. Akiba iwe ya matumizi ya miezi mitatu, amana ya nyumba kando. Leseni ya uuguzi au ualimu huenda isivuke mpaka wa jimbo, ulizia na uombe mpya kabla hujafunga virago. Na kama mahakama ilishaamua malezi ya mtoto, usimhamishe bila idhini ya maandishi ya mahakama au ya mzazi mwenzako: kesi huweza kubaki kulekule ulikotoka, nawe ukahesabiwa umemtorosha.