Injini inayotulia choki ikivutwa

Salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba Peugeot 504 yako hutetemeka ikiwa kwenye silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ila hutulia ukivuta choki, kile kizibo cha kupunguza hewa, kidogo. Hiyo ni dalili ya hewa kupenya bila kupitia kabureta, inayochanganya petroli na hewa, kwa hivyo skrubu ya silensa iache kwanza. Bana kwa koleo mpira mnene unaokwenda kwenye buster ya breki, ile inayoongezea mguu nguvu: injini ikitulia, mwizi umempata. Isipotulia, izime, uchomoe mpira wa distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, upande wa kabureta, uunyonye na kuuziba kwa ulimi. Ulimi usiponata, ama mpira umepasuka, jambo la kawaida kwa joto letu la Malindi, ama diaframu, utando ulio kwenye distribyuta, imetoboka. Urudishe, uwashe, kisha unyunyizie maji kidogo kidogo kwenye gasketi ya chini ya kabureta, ukisikiliza mlio: ukibadilika, hewa inapenya hapo. Wengine hutumia petroli. Karibu na egzosi ya moto, mimi siwezi.